Kamera ya Kizamani Unayo, Mkanda Je?

Wadau wa kamera, habari za saa hizi. Hii hapa mkononi ni Kodak Brownie Hawkeye Flash, ya miaka ya 1950. Nimeikuta soko la Karume, kwenye meza ya jamaa anayeuza redio mbovu na pasi za mkaa. Nikamwambia, kaka punguza, hii hata mkanda wake hautengenezwi tena. Akacheka: "Si ukaweke kabatini tu?" Mimi kamera ya pambo sitaki, nataka ipige.

Ngoja niwasogezee. Kabla hujafungua kamera ya kuokota, chungulia hiki kidirisha chekundu cha nyuma. Ukiona namba, kuna mkanda ndani, usiufungulie juani. Hii haikuwa na mkanda. Ndani imeandikwa 620, ndiyo aina ya mkanda wake. Watu wengi wanakisia mkanda kwa ukubwa wa kamera. Usikisie. Fungua, tafuta namba, na kama imefutika, angalia spuli, kile kigogo cha kuzungushia mkanda.

Hizi mbili tazameni vizuri. Hii nene ya plastiki ni ya 120. Hii nyembamba ya bati ni ya 620. Mkanda wenyewe ni uleule, upana wa sentimeta 6 na kidogo, karatasi ya mgongoni ileile. Kinachotofautiana ni kigogo tu! Kodak waliacha 620 mwaka 1995, wakati 120, iliyoanza 1901, inatoka kiwandani hadi leo. Kwa hiyo kamera ya 620 haijafa. Ila ukikutana na ile ya 126, ambayo mkanda wake unakaa ndani ya kasha la plastiki, mimi ningeirudisha mezani.

Sasa kuhamisha mkanda kutoka spuli hii kwenda ile. Nilijifungia bafuni usiku, taulo chini ya mlango, giza totoro. Joto la Dar mnalijua, feni bafuni hamna, jasho linatiririka mpaka vidoleni, na mkanda hautaki jasho. Unauzungusha mara mbili, mara ya pili ndiyo unaingia kwenye 620. Ukifika mwisho, pale mkanda ulipogundishwa kwenye karatasi, unakuta umevimba kama kitumbua. Bandua ile tepu taratibu, nyoosha, gundisha upya. Usipofanya hivyo unajikunja ndani ya kamera.

Baada ya mateso yote hayo ndipo nikagundua kuwa kwenye Hawkeye hii, 120 inaingia na spuli yake upande wa kuanzia. Ukigeuza kitufe kinazunguka bila kukwama. Upande wa kupokea tu ndiyo lazima iwe 620. Bafuni nilikwenda kufanya nini, sijui.

Kidirisha kile chekundu kizibeni na tepu nyeusi ya mafundi umeme, mfunue kidogo tu mkisogeza namba. Mikanda mingi ya zamani haikuiona rangi nyekundu, ya sasa inaiona. Na wekeni mkanda wa ISO 100; ISO ni namba ya wepesi wa mkanda kushika mwanga. Kamera hii ina kasi moja tu, jua letu la saa sita na ISO 400 mtaunguza picha.

Kupiga kwenyewe raha. Unaishika kifuani, unainamia kioo, na kila kitu kimegeuka: pale Feri, soko la samaki, mvuvi akienda kulia, kwenye kioo anaenda kushoto. Nilimkata kichwa wa kwanza. Katikati picha ni kali, pembeni inalegea. Mimi naipenda hivyo.

Picha 12, zote zimetoka. Lakini ukipeleka kusafisha, mwambie fundi mapema akurudishie spuli, mwambie mara mbili. Yangu ilitupwa na taka, na ndiyo niliyoikuta ndani ya kamera. Hii ya bati mnayoiona hapa nimeazima, mwenyewe anaitaka Ijumaa.