Mikono ya servo ya kununua, kuanzia bora hadi ya kuacha: pale alumini inapokataa kuingia kwenye shafti

Servo ni mota ndogo yenye gia inayosogeza sehemu za ndege ya rimoti, na mkono wake huvikwa kwenye shafti yake yenye meno. Ukinunua mkono wa servo wa alumini ukakuta hauingii kwenye shafti kwa kusukuma na kidole gumba, usiharakishe kusema umeuziwa kibovu. Huenda ni bora kuliko ule unaoteleza na kukaa bila shida yoyote. Meno yakiachia nafasi ya milimita 0.1 tu pale kwenye shafti, ambapo ni kama milimita 3 kutoka katikati, nafasi hiyo inazidi kukua kadiri unavyokwenda nje. Ukifika kwenye tundu la kufungia waya wa kusukuma, lililo milimita 25 kutoka katikati, mkono unacheza zaidi ya milimita 0.8. Eleroni (kibao kinachosogea nyuma ya bawa) inayocheza kiasi hicho inaweza kuanza kupapatika ndege ikishika kasi, na ikishaanza huna muda wa kufikiri. Inaweza kung'oka kwenye bawa kabla hujapunguza nguvu ya injini.

Kwa hiyo mikono hii naipanga kwa swali moja: kubana kwake kunatoka wapi? Kama kunatoka kwenye skrubu ninayoikaza mwenyewe, nina la kufanya. Kama kunatoka kiwandani, ndani ya tundu lenyewe, basi napokea nilichopewa.

Kwanza hesabu meno. Servo za Futaba za saizi ya kawaida zina meno 25, na Savox, KST na MKS kwa sehemu kubwa zimefuata hesabu hiyo hiyo. JR ni 23. Hitec kwa miaka mingi ni 24, ingawa baadhi ya servo zake zina 25. Tena kuna servo ndogo zenye meno 25 lakini shafti yake ni nyembamba, kwa hiyo namba ya meno peke yake haitoshi. Angalia na kipenyo. Mkono wa meno 24 ukiusukuma kwenye shafti ya meno 25 unaweza kuuma kidogo juu juu, ukadhani ni ule ubanaji mzuri niliousifia. Kumbe unakata meno. Kama umesukuma kidogo tu ukaona unakaa upande, toa, washa taa, hesabu upya.

Wa kwanza: mkono wa alumini wenye mpasuko na skrubu ya kubana

Kwa ndege yenye servo za gia za chuma, huu ndio nanunua bila kusita. Una mpasuko unaotoka nje hadi kwenye meno, na skrubu moja au mbili pembeni zinazoufunga. Ukilegeza unaingia, ukikaza unashika shafti pande zote.

Dukani angalia mambo mawili. Mpasuko ufike kabisa hadi ndani ya tundu la meno, maana nimeona mikono ambayo mpasuko umeishia njiani. Hiyo ni pambo. Pili, ukiufunga mkono kwenye shafti, midomo ya mpasuko isigusane. Ikigusana, skrubu inabana midomo yenyewe kwa yenyewe na shafti haishikwi, hata ukikaza mpaka spana ya L ipinde. Lazima ubaki mwanga kati ya midomo.

Aina ya alumini huandikwa kwenye pakiti, 6061 au 7075. Hiyo 7075-T6 inavumilia mzigo karibu mara mbili ya 6061-T6 kabla ya kupinda, na inafaa ndege kubwa za sarakasi. Kwa ndege ya wastani 6061 iliyochongwa vizuri inatosha kabisa, kwa hiyo usilipie namba usiyoihitaji.

Hata mkono wa aina hii unaweza kugoma kuingia. Toa skrubu ya kubana yote, isiwe imelegezwa tu. Ingiza ncha ya bisibisi bapa nyembamba kwenye mpasuko, uizungushe kidogo sana, sukuma mkono, kisha toa bisibisi. Usitanue zaidi ya hapo, kwani mkono hupasuka upande wa pili wa tundu, palipo mkabala na mpasuko, na ufa wenyewe hauonekani mpaka siku mkono unapoachia. Ukishakaa, kaza kwanza skrubu ya katikati, ile inayoshika mkono kwenye shafti, ndipo ukaze za pembeni. Zikiwa mbili, kaza moja kidogo, nyingine kidogo, hivyo hivyo kwa zamu.

Wa pili: nailoni nene ya mtengenezaji wa servo mwenyewe

Watu huidharau kwa sababu inakuja bure kwenye boksi. Mimi naiweka juu ya nusu ya mikono ya alumini inayouzwa. Meno yake yametengenezwa kwa shafti ile ile, inabana bila vita, na ndege ikianguka mara nyingi unapoteza mkono huku gia zikibaki salama. Kwa ndege za povu na servo za gramu 9 inashika namba moja, wala hakuna mjadala. Shafti ya nailoni usiivike mkono wa chuma kabisa, kwa sababu chuma kitayala meno yake taratibu na utagundua ukiwa hewani.

Ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Jino moja kwenye shafti ya meno 25 ni nyuzi 14.4, kwa hiyo mkono wenye ncha moja ukikaa umepinda kidogo, kusogeza jino moja kunaupitiliza. Lakini mkono wa nailoni wenye ncha nne, ukiugeuza robo mzunguko, kila ncha inatofautiana na mwenzake kwa nyuzi 3.6. Jaribu ncha zote nne, chagua iliyonyooka, kata tatu zilizobaki. Kwenye meno 24 hila hii haifanyi kazi, kwa sababu 24 inagawanyika kwa nne na kila ncha inarudi pale pale.

Wa tatu: kisahani cha alumini chenye mkono wa kaboni uliofungwa juu

Mzuri kwa usukani wa mkia unaovutwa na kamba mbili, ambapo unahitaji mkono wa pande mbili ulio mrefu na mwepesi. Angalia skrubu zinazoshika kaboni kwenye kisahani. Zikilegea, umerudi kwenye kucheza kule kule.

Wa nne: mkono wa alumini wa kipande kimoja, wa kusukumia

Hauna mpasuko. Tundu limechongwa ili lishike kwa nguvu zake lenyewe, na hapa ndipo watu wanaharibu servo. Mimi niliharibu moja. Mkono ulikuwa umeingia kama theluthi, nikachukua skrubu ya katikati nikasema itauvuta wenyewe. Ilikuwa imeshika hesi mizunguko miwili tu. Nikakaza, nikasikia ulaini wa ghafla mkononi, ule ulaini ambao fundi yeyote anaujua: hesi zimekwenda. Mkono ukabaki nusu njia, haupandi wala haushuki. Niliukata kwa msumeno mdogo kuutoa, na shafti ikawa haina tena mahali pa kushika skrubu.

Sasa nafanya hivi. Natoa servo kwenye ndege. Naiwasha kupitia risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti), rimoti ikiwa katikati na marekebisho yote kwenye sifuri, naweka alama ya kalamu ya mahali mkono unapotakiwa kukaa, kisha nazima. Mkono ukishakaa sizungushi servo kwa nguvu za mkono ili kuunyoosha, kwani gia ndizo zitakazoumia.

Halafu nachunguza tundu. Mara nyingi kinachobana ni ile rangi ya alumini iliyoingia ndani ya meno, au vinyuzi vya chuma vilivyobaki baada ya kuchonga. Mswaki mkavu hutoa vingi. Ukiwa na servo iliyokufa yenye gia za chuma, chukua gia yake ya mwisho yenye shafti ya meno yale yale, uipitishe kwenye mkono mara kadhaa, ingia toka. Inasafisha meno bila kuyapanua. Tupa, kile chuma cha kukwangulia, usiisogeze hapo; ukishapiga tupa jino moja, umeuharibu ule ubanaji uliolipia.

Kikibaki kigumu, pasha mkono joto kwa draya ya nywele au uutumbukize kwenye maji ya moto na kuufuta haraka. Mkono peke yake, servo ibaki baridi. Tundu la milimita 6 likipanda joto nyuzi 60 linatanuka kama milimita 0.008. Ni kidogo, lakini kwenye ubanaji wa namna hii kidogo hicho unakisikia kwenye kidole.

Laza servo mezani kwa tako lake na usukume wima. Nyundo haina kazi hapa, hata ya mpira, kwa sababu pigo linapita kwenye shafti na kuishia kwenye beringi na kasha. Ukitaka kumalizia kwa skrubu, tumia ya M3 (kipenyo cha milimita 3) ndefu yenye washa, ishike hesi angalau mizunguko mitano kamili kabla ya kuanza kuvuta. Mkono ukishuka, badilisha uweke fupi. Skrubu ndefu ikigota chini ya shimo la shafti inatoa ugumu ule ule wa mkono uliokaa, na utaondoka ukiamini umemaliza.

Mwisho pitisha kipande cha karatasi kati ya mkono na kasha. Karatasi isipopita, mkono unasugua na servo itakula betri muda wote.

Wa kuacha

Mikono ya chuma cha kumimina, ile mizito yenye mng'ao, meno yamejaa rangi na tundu halipo katikati. Izungushe juu ya penseli. Ukiona inayumba kama tairi lililopinda, irudishe.

Urefu, skrubu na kuutoa

Nunua urefu unaokuwezesha kutumia mwendo wote wa servo. Mkono mrefu kupita kiasi unaokulazimisha kupunguza mwendo kwenye rimoti unakupotezea nguvu. Servo ya kilo 20 kwenye sentimita moja kutoka katikati inatoa karibu kilo 7.9 kwenye tundu lililo milimita 25.4 kutoka katikati, lakini kwenye milimita 38 inashuka hadi kama 5.3.

Skrubu za chuma kwa chuma zipake tone la gundi ya skrubu ya bluu. Lisifike kwenye kasha wala kwenye nailoni, kwani hupasua baadhi ya plastiki. Kwenye mkono wa alumini, waya wa kusukuma uunganishe kwa kiungo cha gololi kilichofungwa kwa nati yenye nailoni. Pini tupu ya waya inakwangua tundu mpaka linakuwa la yai.

Na siku ya kuutoa, usiuinue kwa bisibisi upande mmoja ukiegemea kasha. Legeza skrubu ya katikati mizunguko miwili bila kuitoa, weka bisibisi bapa mbili pande mbili zinazotazamana, kila moja juu ya kipande cha plastiki ngumu, uinue kwa pamoja. Ile skrubu iliyobaki itauzuia mkono usiruke, nao utapanda wima bila kuivuta shafti upande.