Kipimo cha haraka cha tezi dume Kadutu: kipimo kizuri, maelezo hayakuwepo

Miezi michache iliyopita nilimpeleka baba yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 67, katika maabara ndogo ya binafsi huko Kadutu, mjini Bukavu, kwa sababu alikuwa akiamka mara nne au tano kila usiku kwenda haja ndogo. Alifanyiwa kipimo cha haraka cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, kwa dola 8, na jibu likatoka baada ya dakika kumi.

Kipimo chenyewe nakisifu. Ni teknolojia ya nano iliyofungwa katika kikasha cha plastiki: ndani yake mna utepe wenye chembechembe za dhahabu za nanomita 20 hadi 40 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), zilizobebeshwa kingamwili zinazoinasa PSA, na damu inapopita husafiri nazo hadi kwenye mstari wa jibu, ambako hunaswa na kurundikana mpaka jicho linaona wekundu. Dhahabu ni ile ile wanayoichimba vijana wetu Kamituga, ila ikifikia udogo huo huacha umanjano wake na kuwa nyekundu. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, lakini kazi haikusimama, kwa kuwa kipimo hiki hakihitaji mashine.

Kilichoniumiza ni huduma. Tulikabidhiwa karatasi yenye neno moja la Kifaransa, "positif" (chanya), na mzee akatoka akiamini kwamba ana saratani. Usiku ule hakugusa chakula. Hakuna aliyetueleza kwamba mstari ule huonyesha tu kuwa PSA imevuka nanogramu 4 kwa mililita, na kwamba kiwango hicho hupandishwa pia na uvimbe usio wa saratani unaowapata wazee wengi, au na maambukizi ya njia ya mkojo. Wala hakuulizwa kama anasikia maumivu akikojoa, ingawa swali hilo peke yake lingetosha kuahirisha kipimo. Saratani yenyewe huthibitishwa kwa kutoa vipande vidogo vya tezi na kuvichunguza kwa darubini.

Daktari tuliyemwona baadaye alimtibu maambukizi, na wiki sita baadaye PSA iliyopimwa kwa mashine ilikuwa 3.1.

Kipimo nakipa nyota nne kati ya tano, na maabara naipa nyota moja. Nitarudi pale siku watakapomweka mtu wa kukaa na mgonjwa na kumsomea jibu lake.