Kanivali ya Pewsey: nenda kwa treni, ila anza kwa kupanga kurudi

Pewsey iko Wiltshire, kusini-magharibi mwa Uingereza. Wenyewe wanaiita kijiji, japo ina watu zaidi ya 3,500, shule ya sekondari na stesheni yenye treni za moja kwa moja hadi Paddington, stesheni kuu ya London, mwendo wa saa moja na dakika kadhaa. Kanivali yake ilianza mwaka 1898. Shughuli huchukua wiki mbili za Septemba, na kilele ni msafara wa magari yenye taa, Jumamosi usiku. Kwa mtu wa London au Reading asiye na gari, ni vigumu kupata kanivali ya kijijini iliyo nyepesi kuifikia kama hii. Kuondoka ndiko kwenye kazi.

Kwanza tiketi, maana hapo ndipo wengi huumia. Oyster, kadi ya usafiri ya London, haifiki Pewsey, wala kugusa kadi ya benki getini hakukufikishi huko. Upande huu kugusa kadi kunaishia Reading. Ukiingia Paddington kwa kugusa ukaendelea mbele, umepanda bila tiketi halali, na faini ni pauni 100 juu ya nauli (50 ukilipa ndani ya siku 21). Nunua tiketi kamili ya kwenda na kurudi. Mtoto wa chini ya miaka 5 hupanda bure, wa 5 hadi 15 hulipa nusu nauli. Angalia pia kama treni yako inasimama: nyingi za kwenda Exeter na Penzance hupita Pewsey kwa kasi, nawe ukabaki kuitazama stesheni dirishani. Saa za tiketi ni za Kizungu, kwa hiyo 19:30 ni saa moja na nusu usiku.

Mwenye gari afike mapema sana. Barabara ya A345 inakatiza katikati ya kijiji, na msafara hauwezi kupita bila kuifunga. Ukichelewa unazuiwa nje. Ukiegesha ndani ya eneo lililofungwa, hutoki mpaka gari la mwisho la msafara lipite na barabara ifunguliwe.

Msafara wenyewe unastahili safari. Lisogelee gari moja likiwa limesimama: chini ni trela ya shamba, juu yake fremu iliyofunikwa mbao nyembamba zilizopakwa rangi, balbu zimepangwa kwa mistari, nyaya zimebanwa kwa utepe mweusi, na trekta mbele likivuta vyote. Jenereta ndilo roho ya gari. Likizima, wachezaji wanabaki gizani na muziki unakatika katikati ya wimbo. Kelele na moshi wa dizeli ni vya kweli, kwa hiyo mtoto mdogo avishwe vizuia sauti masikioni, na usimweke karibu na nyuma ya trela. Ukiwa umeshaona kanivali ya Bridgwater kule Somerset, ambako gari moja laweza kufikia mita 30, hapa usije na matarajio hayo. Uzuri wa Pewsey ni ukaribu: barabara ni nyembamba, na anayecheza juu ya trela unamwona hadi jasho.

Mahali pa kusimama: sehemu iliyonyooka. Usikae upande wa ndani wa kona, kwa sababu magurudumu ya nyuma ya trela ndefu hukata kona kwa ndani zaidi kuliko trekta na kuja karibu na ukingo wa njia. Kona hizo hizo huzaa mapengo. Gari refu linapunguza mwendo kugeuka, yaliyotangulia yanakwenda zao, barabara inabaki tupu, na watu wanaanza kukunja viti wakidhani mambo yamekwisha. Subiri.

Beba sarafu. Wakusanyaji hupita na ndoo, na hiyo ndiyo maana ya shughuli: kabla ya NHS, huduma ya afya ya taifa, kuanza mwaka 1948, hospitali nyingi za Uingereza zilitegemea michango, na kanivali za vijiji zilikuwa njia mojawapo ya kuipata. Ukiona sarafu ya pauni ya duara, iache nyumbani. Haitumiki tangu Oktoba 2017.

Chakula ni baga, chipsi na soseji. Soseji ya Kiingereza kwa kawaida ni nguruwe, na usitegemee halali kijijini, beba chakula chako. Beba pia sweta, maana Septemba jua likishazama baridi ya pale haina huruma.

Ukifika mchana, kuna sanamu ya mfalme Alfred kando ya mto Avon, mfereji wa Kennet na Avon unaofikika kwa miguu, na kwenye kilima cha kusini farasi mweupe aliyechongwa ardhini mwaka 1937. Sanamu ni ya dakika tano tu. Kilima ndicho kina thamani.

Sasa kurudi. Pengo kati ya treni na treni laweza kupita saa moja, mabasi ya vijijini huisha mapema, na wikendi reli hufungwa kwa matengenezo ukapewa basi badala yake. Tazama ratiba ya siku ile ile kabla ya kununua tiketi. Kama treni ya mwisho inaondoka kabla msafara haujaisha, tafuta chumba, au chagua shughuli ya mchana ndani ya zile wiki mbili. Kutoka katikati hadi stesheni ni kama dakika kumi kwa barabara ya North Street; kwenye umati wa usiku ule, hesabu ishirini na tano.