Uzoefu wangu: zulia la kale la Alpujarra kutoka Granada

Nimelinunua kwa muuzaji wa vitu vya kale mjini Granada, Hispania, yuro 480 pamoja na usafirishaji hadi kwangu London. Zulia lenyewe nalipatia nyota tano, muuzaji tatu.

Alpujarra ni vijiji vya milimani, kusini mwa safu ya milima ya Sierra Nevada, huko huko Hispania. Mazulia ya huko hayana mafundo. Mfumaji huvuta uzi wa mshindio (ule unaopita kwa upana) juu kidogo kidogo na kuacha vitanzi vya sufu bila kuvikata, kwa hiyo ukilipapasa unahisi vinundu vigumu. Langu ni la bluu na nyeupe tu: mti katikati, makomamanga pande zote, na ndege wawili wanaotazamana. Ukilisogelea unaona ndege wa kushoto mkia wake umepishana kidogo pale mshono ulipopita.

Huo mshono ndio uliofanya nilipende. Mitambo ya kufumia ilikuwa myembamba, basi vipande vilifumwa mbalimbali kisha vikaunganishwa. Anayeuona akadhani zulia limechanika anapoteza kitu kizuri. Matamvua nayo yalitengenezwa peke yake na kushonewa ukingoni. Halafu haya asili yake ni matandiko ya kitanda, hasa ya harusi, kwa hiyo tafadhali usiliweke mlangoni likanyagwe na viatu! Langu nimelitundika ukutani.

Wanaotaka ya mafundo watafute ya Alcaraz au Cuenca, miji mingine ya Hispania. Fundo la Kihispania hufungwa kwenye uzi mmoja wa mtande (ule unaokwenda kwa urefu), ilhali la Kituruki hushika nyuzi mbili. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa mafundi Waislamu waliobaki chini ya wafalme Wakristo, na katika karne ya 15 walifuma hata nembo za ngao za ukoo wa Enríquez, maamiri wa jeshi la majini la Castilla, ufalme wa zamani wa Hispania. Bei zake si za mtu wa mshahara.

Sasa muuzaji. Aliandika "karne ya 18", nilipomwomba ushahidi akabaki kusema ni la zamani sana. Kona moja ilikuwa imeliwa na nondo, na kwenye picha aliikunja ndani. Nilipolalamika alirudisha yuro 60 bila ubishi. Mnaponunua, ombeni picha ya upande wa nyuma na ya kona zote nne, zilizopigwa mchana.

Yapo yaliyofumwa jina la mwenyewe pamoja na mwaka. Nikilipata la namna hiyo nitanunua tena, ila kwa muuzaji mwingine.