Kaushio la dagaa: likuzwe chuoni au karakana ya Nyakato?

Mwanafunzi wa chuo cha Malimbe, Mwanza, ana wazo la kaushio la dagaa la nguvu ya jua. Alilee kwenye kituo atamizi cha chuo, yaani mahali pa kulelea mawazo ya biashara, au aende kwa mafundi wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, kule Nyakato?

Kwa gharama, chuo kinashinda mwanzoni: meza, intaneti na mhadhiri wa kumsahihishia hesabu. Karakanani kila bati lina bei yake.

Ila kifaa kikishaanza kuchomelewa, mambo hugeuka. Mama anayeanika dagaa mchangani hahitaji andiko, anahitaji chanja isiyopinda na paa lisilovuja masika. Fundi atalisema hilo siku ya kwanza. Chuoni, na hili linaniuma, mawazo mazuri hufia kwenye slaidi muhula ukiisha. Matengenezo nayo ni ya fundi. Yeye hahitimu akaondoka.

Kama bado unapima wazo, au ni programu ya simu, baki chuoni. Una oda mkononi? Panda daladala ya Nyakato. Mhadhiri anayetaka hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, aanzie chuoni, aombe kwanza BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kwani kuuanika uvumbuzi hadharani mapema kunaweza kumkosesha.