Kifaa cha vipira vitatu: kinamfaa mwalimu wa mazoezi?

Kile kifaa cha plastiki chenye vyumba vitatu na vipira vitatu, wanachopewa wagonjwa baada ya upasuaji ili mapafu yasisinyae, siku hizi kinaonekana hata jimu. Kwa kufundishia upumuaji tunakipendekeza. Kwa "kupanua mapafu", hapana.

Namba 600, 900 na 1200 zilizo ubavuni huwapotosha wengi. Huo si ujazo wa mapafu, ni kasi ya hewa: mililita kwa sekunde. Mteja akivuta kwa nguvu nusu sekunde, vipira vyote huruka juu naye hufurahi, kumbe ameingiza nusu lita na ushei, karibu sawa na pumzi ya mtu aliyekaa ametulia. Anayeinua viwili tu na kuvishikilia huko juu kwa sekunde 3 ameingiza lita 2.7 hivi. Huyo ndiye wa kusifiwa.

Mteja akae wima, na kifaa kiwe wima pia, maana kikiinamishwa vipira hupanda kirahisi. Atoe pumzi taratibu, abane midomo kwenye kidomo, avute polepole mpaka kipira cha pili kipande na cha tatu kibaki chini. Mkono mmoja uwe tumboni. Diaframu, ule msuli mpana chini ya mapafu, ikishuka, tumbo hutokeza nje. Mabega yakipanda na shingo kukakamaa, anavuta kwa misuli ya shingo, nayo huchoka mapema. Abane pumzi sekunde 3, atoe kidomo, ashushe pumzi. Mara 10 zinatosha, kwa vituo. Akihisi kizunguzungu au ganzi midomoni na vidoleni, amepumua haraka mno hadi kabonidioksidi ikapungua katika damu. Aache, apumue kawaida.

Udhaifu wake ni kwamba hakina uzito wa kutosha kuimarisha msuli. Vifuko vya hewa navyo haviongezeki kwa mazoezi, na kwa mtu mwenye afya, moyo na misuli ya miguu kwa kawaida huzidiwa kabla ya mapafu. Anayetaka nguvu ya kuvuta pumzi atafute kifaa chenye springi, kama POWERbreathe, avute pumzi 30 asubuhi na 30 jioni.

Kila mteja awe na kidomo chake, kioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kikauke. Wageni wengi hupuliza badala ya kuvuta: vipira havisogei, na unyevu unaoingia huvifanya vinate.