OpenSimulator kwa maonyesho ya kihamba (shamba la nyumbani) cha Kichagga: uzoefu wangu, Moshi

Shule ya hapa Moshi ikitaka wanafunzi waingie ndani ya nyumba ya msonge bila kuchoma bando, naipendekeza OpenSimulator, programu ya kujengea dunia pepe ya 3D. Ni ya bure na dunia nzima inakaa kwenye kompyuta moja, ndiyo seva. Nyingine zinaunganishwa kwa ruta, hata isiyo na intaneti. Second Life, dunia pepe ya mtandaoni, inapendeza zaidi kwa macho, ila bila intaneti huingii, na ardhi ya kule inalipiwa.

Pa kukwamia ni anwani. Programu huja na 127.0.0.1, yaani kompyuta yenyewe tu. Ndani ya faili la mipangilio, OpenSim.ini, badilisha BaseHostname iwe namba ambayo ruta imeipa seva, na uifunge namba hiyo isibadilike ruta ikizimwa. Kisha fungua mlango wa mtandao (port) 9000 kwenye fayawoli, kinga ya mtandao ya kompyuta, kwa njia zote mbili za kupitisha data, TCP na UDP. Ukisahau UDP, nenosiri linakubalika halafu Firestorm, programu ambayo mwanafunzi anaingilia duniani humo, inaganda kwenye "region handshake". Hapo wengi huanza kulaumu ukuukuu wa kompyuta!

Eneo la kawaida ni mita 256 kwa 256: migomba, kahawa chini yake, mfereji na zizi vinaenea bila kubanana.

Nyumba ndiyo yenye kero. Ichore kwa Blender 4.5, programu ya kuchora 3D, maana toleo la 5.0 limeondoa faili za Collada (.dae), na Firestorm inapokea mesh, yaani maumbo ya 3D, kwa faili hizo. Ukishaipakia, mlango unaonekana wazi lakini avata, yaani mwili wa mwanafunzi ndani ya dunia hiyo, inagonga hewa, kwa sababu umbo la mgongano ni Convex Hull, lisilo na tundu. Wakati wa kupakia weka umbo la mgongano lenye tundu la mlango kwenye sehemu ya Physics, kisha ukiisimamisha geuza Convex Hull kuwa Prim. Halafu mlango wa msonge ni mfupi: kamera inayofuata nyuma ya kichwa inanasa kwenye nyasi za paa. Wafundishe wanafunzi kubonyeza M, waone kwa macho ya avata.

Sauti ya mzee akieleza upishi wa mbege (pombe ya ndizi) iwe faili la WAV, mono, 44.1 kHz, biti 16, ikatwe vipande visivyozidi sekunde 30.

Mabadiliko hayaandikwi kwenye diski papo hapo, kwa hiyo umeme ukikatika kazi ya mwisho inapotea. Andika "backup" kwenye konsoli, dirisha la amri la seva, kila mara, na jioni "save oar kihamba.oar" inayohifadhi eneo zima kwenye faili moja, nakala uiweke kwenye flashi.

Nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu Firestorm haina toleo la simu, na wazazi wengi simu ndiyo waliyo nayo.